Akoth Aliposimamisha Wimbo

Jumapili, 2 Novemba

Kola kumi na moja za kanzu za kwaya zimekwisha. Bado tisa. Sindano imekatika mara mbili leo, na mara zote mbili kosa ni langu. Nilikuwa natazama televisheni badala ya kitambaa.

Wanarudia lile shindano la nyimbo. Lote, tangu wiki ya kwanza. Kila Jumapili saa tisa alasiri mpaka tufike fainali. Nilinyoosha mkono nizime. Sikuzima.

Basi nikaliona tena. Nchi kumi na mbili, jukwaa kule Accra, taa za kupofua macho. Wa kwanza alikuwa Msenegali mwenye ngoma kwapani. Mwezi wa tano nilimwona mpiga kelele tu. Leo nimemsikiliza. Anaimba mstari, ngoma inamjibu, anacheka na ngoma yake kana kwamba imemwambia jambo la siri. Joho lake limeshonwa mabega kwa mkono. Fundi wake ningependa kunywa naye chai.

Kisha Akoth wetu. Gauni la buluu. Gauni langu.

Aliimba vizuri mno, na nimemkasirikia upya.

Jumanne, 4 Novemba

Mama Njeri wa duka la nafaka kaja asubuhi na kikombe chake cha uji. Alikuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa msichana, na tangu hapo hajawahi kupita mlango wangu bila kusimama. "Mama Zuhura, umeona Akoth kwa TV? Hiyo nguo inang'ara mpaka mimi nikalia." Nikamwambia nina kazi. Akanywa uji wake wote akiwa amesimama, akaenda.

Niandike, labda nitatulia.

Akoth alikuja hapa Kaloleni miaka sita iliyopita kutoka Luanda Kotieno, ufukweni mwa ziwa, na beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Alipanga chumba kilicho nyuma ya duka langu. Asubuhi anauza omena, mwisho wa wiki anaimba kwenye matanga na arusi. Aliniita Mama tangu siku ya kwanza, nami nikaitika. Zuhura wangu yuko Mombasa kwa mumewe, nyumba ilikuwa imepooza.

Alipochaguliwa kuiwakilisha nchi, nilimshonea gauni kwa siku nne. Sikumpima. Alisimama na mikono juu akingoja futi, nikamwambia shusha mikono, mwili wako naujua.

Kwenye pindo niliacha uzi mmoja unaning'inia. Marehemu mama yangu naye alikuwa fundi, na hilo alinifundisha: nguo inayokwenda mbali haikatwi uzi wa mwisho. Anayeivaa akirudi, fundi mwenyewe anaukata, ndipo amefika. Mkewe imamu anasema ni ushirikina. Shauri yake. Nimeshonea mahujaji, nimeshonea mabibi harusi waliokwenda Uganda na Kongo, na nyuzi zao zote nimezikata kwa mkasi huu.

Isipokuwa mmoja. Akoth alirudi mwezi wa sita. Hakuja. Nilikuwa Mombasa kwa Zuhura siku tatu, niliporudi chumba kilikuwa kitupu, ufunguo kamwachia Ouma wa pasi. Miezi mitano sasa. Hata salamu.

Amepata jina, kamsahau aliyemvisha. Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi sikwenda zangu. Nilibaki hapa hapa nikingoja, na ndiyo maana inauma.

Jumapili, 9 Novemba

Wiki ya pili ya marudio. Sindano niliiweka kando kabisa.

Mungu wangu, wale dada wawili wa Madagaska. Mmoja anaanza neno, mwingine analimalizia, huoni mahali walipounganisha. Mimi naitafuta mishono kwenye kila kitu na hapo sikuiona. Na yule mzee wa Lesotho na kodiani yake, blanketi begani, haangalii kamera hata mara moja. Walimtoa wiki hiyo hiyo. Mwezi wa sita nilikuwa nikiwaombea wote washindwe kwa sababu wanashindana na mwanangu. Kumbe niliyakosa haya yote.

Akoth aliimba ule wimbo wake wa mwanamke anayengoja feri ya Mbita na gunia la mahindi, feri haiji, mahindi yanaanza kuota. Watu wa Accra wanayajua wapi mambo ya Mbita? Lakini walisimama.

Anajishika shingo. Kila baada ya mistari miwili mkono unapanda kwenye kola. Maringo yalianza mapema.

Alhamisi, 13 Novemba

Kola tatu. Mvua. Hakuna mteja.

Ouma kanipitishia kanzu alizopiga pasi, kaziweka mezani, kaondoka. Miezi yote hii ananisalimu bila kuniangalia. Zamani alikuwa mtu wa mizaha. Jiko lake la makaa liko hatua mbili kutoka mlango wangu na tunaishi kama watu wa mitaa miwili.

Jumapili, 16 Novemba

Nusu fainali. Walibaki sita.

Siwezi kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Huyu mtoto ni mkubwa. Wengine wanaimba kwa sauti yao yote tangu mwanzo, wanamaliza kila kitu. Akoth anaweka akiba. Anaimba chinichini mpaka unasogea karibu na televisheni, halafu anaifungua sauti na unarudi nyuma kwenye kiti. Mama Njeri alikuwa kwangu, kashika leso mdomoni. Mshindani wa Tanzania alipotolewa, Akoth alimkumbatia muda mrefu kuliko walivyotaka watu wa kamera. Nilijisikia fahari. Kisha nikakumbuka kwamba sina haki ya fahari hiyo, maana hatusemezani.

Mkono shingoni tena. Mara nne.

Jumatatu, 17 Novemba

Niandike ya siku ile, kabla Jumapili haijafika.

Fainali tuliitazama kwenye ukumbi wa jamii. Walileta skrini kubwa, watu walijaa mpaka madirishani. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na Mama Njeri, leso mpya, meno nje. Kila aliyeingia alinipa mkono. Mama wa gauni! Nilikuwa mtu siku ile.

Akoth akaanza. Katikati ya wimbo akanyanyua mkono, muziki ukakatika. Kimya. Bara zima kimya.

Nikajua: amesahau maneno.

Mimi siwezi kumtazama mtoto wangu akianguka. Ni udhaifu, naujua. Zuhura alipokuwa darasa la nne akikariri shairi mbele ya wazazi, nilisimama nyuma ya choo cha shule nimeziba masikio mpaka wakamaliza. Basi siku ile niliinuka, nikapasua katikati ya watu, leso nimeikandamiza masikioni, nikaenda kusimama kando ya tangi la maji. Nilirudi niliposikia makofi.

Watu waliniangalia. Nilidhani wananihurumia.

Jaji mmoja alikuwa akisema wimbo ulivunjika katikati, na hakuelewa kwa nini. Msenegali akashinda. Akoth wa pili. Nami mwezi mzima nilimwambia kila mteja aliyeingia hapa: alisahau maneno, la sivyo kombe lingekuwa Kisumu. Nimesema mpaka Kibuye sokoni. Hakuna aliyenibishia, walitazama pembeni tu.

Sijawahi kuitazama sehemu ile. Simu yangu ni ya kupiga na kupokea tu, na aliyetaka kunionyesha kwenye yake nilimfukuza.

Jumapili hii nitakaa kwenye kiti. Nimuone akisahau, yaishe.

Jumapili, 23 Novemba

Hakusahau kitu.

Mkono ulipanda, muziki ukakatika, nami nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Nikamwona usoni. Ametulia. Anatabasamu. Mtu aliyesahau maneno hatabasamu hivyo.

Ilikuwa pakruok.

Nimezaliwa Kisumu. Nimekula kwenye arusi ngapi za Wajaluo? Kidholuo nakisema tangu utoto. Mtu anasimamisha muziki mbele ya watu wote, anajigamba au anamsifu ampendaye kwa majina mazito na ya kuchekesha. Aliyesifiwa anasimama, anajibu, ndipo muziki unaendelea. Asipojibu, amemkataa aliyemsifu, na amemkataa hadharani. Mtoto yeyote wa hapa anajua. Ila nani angetegemea kuiona Accra, kwenye mashindano, mbele ya majaji wasiojua hata neno moja la Kidholuo?

Nayaandika aliyoyasema, kwa Kiswahili, nisije nikayapoteza tena:

"Msiniulize mimi ni nani. Niulizeni nimevaa nini. Nimevaa mkono wa Nyar Kaloleni, binti wa Kaloleni. Mwanamke asiyetumia futi, jicho lake ndilo futi. Mwenye cherehani inayokoroma kumshinda marehemu mumewe. Nilikuja mjini nanuka omena, akaniambia ingia, chai iko motoni."

Halafu akainama, akashika pindo, akauinua ule uzi. Wangu. Kamera ikausogelea mpaka ukajaa skrini yote.

"Uzi huu haujakatwa. Mwenye mkasi yuko Kisumu. Nyar Kaloleni, simama unijibu."

Akangoja. Akaitazama kamera, akangoja. Nimehesabu pumzi zake, zilikuwa tatu. Kisha akashusha mkono, muziki ukarudi, akamalizia wimbo vizuri kuliko alivyouanza.

Pumzi hizo tatu mimi nilikuwa kando ya tangi la maji, nimeziba masikio.

Alijua majaji hawataelewa. Hakuwa mjinga. Alijua kombe linaweza kwenda, na akausimamisha wimbo hivyo hivyo.

Mama Njeri kaniuliza kwa nini nalia. Nikamfasiria yote. Kaweka kikombe chini. "Ai! Na mimi nilikuwa hapo kando ya kiti yako. Lakini Kijaluo sielewi, Mama Zuhura. Nilifikiria anaomba Mungu."

Jumatatu, 24 Novemba

Nimemwendea Ouma kabla hajawasha makaa. Nikamuuliza moja kwa moja.

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. "Mama, si wewe ulitoka nje? Sisi wote tuliona. Akoth ameanza tu kukuita, wewe umesimama, tukaanza kupiga makofi, kumbe unaenda. Alinipigia simu akiwa bado huko. Aliuliza kitu moja tu: alisimama? Ningemdanganya aje? Nikamwambia alisimama, lakini alienda."

Kisha akaongeza, akipuliza majivu: "Halafu ukaambia watu amesahau maneno. Hiyo ndiyo ilimmaliza."

Nimerudi dukani nikafunga mlango.

Jumatano, 26 Novemba

Sijashona. Kwaya wanataka kanzu zao Ijumaa ijayo na zimelala tu.

Nilishika simu mara tatu. Nikaiweka mara tatu. Jibu la pakruok halipigwi kwa simu. Alinisifu mbele ya watu, nilimkataa mbele ya watu, nilimsema mbele ya watu. Kwa hiyo ni mbele ya watu.

Ouma anasema Jumamosi Akoth anaimba arusini, kwao Luanda Kotieno.

Naogopa. Mwanamke wa umri wangu, wa msikitini, nisimamishe bendi kwenye arusi ya watu nisiowajua? Watasema nimerukwa na akili. Na vipi akiniangalia tu, asinijibu? Anayo haki.

Nimeutia mkasi makali.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimerudi salama. Miguu imevimba. Naandika nikiwa nimeiloweka kwenye beseni.

Nilifika saa saba. Hema jeupe, ziwa nyuma yake, feri inapakia. Watu wengi kuliko nilivyotaka. Nilikaa nyuma kabisa na mabibi wasionijua, wakanipa soda. Akoth alikuwa mbele na mpiga gitaa na mpiga ngoma. Amekonda. Gauni la kijani, la dukani, mabega yamekaa vibaya. Nililiona hilo hata katika hali ile, Mungu anisamehe.

Aliimba nyimbo mbili. Ya tatu ilikuwa ya feri ya Mbita. Nikasema moyoni, sasa au basi. Nikainuka, nikapita katikati ya viti. Masikio wazi safari hii. Nilipofika mbele nikanyanyua mkono.

Muziki ukakatika. Ndivyo ilivyo kule, mkono ukipanda muziki unakatika, awe nani. Akoth aliniona. Uso wake haukuonyesha kitu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Yote yaliruka. Nilisema hivi, kwa Kidholuo changu cha Kaloleni:

"Mimi ndiye Nyar Kaloleni. Niliitwa mwezi wa sita, nimeitika leo. Jeuri yangu ni ndefu kuliko barabara ya kuja hapa. Mnamwona huyu? Nyar Luanda, sauti inayosimamisha feri isiondoke! Alisimama mbele ya bara zima, kombe liko hapo, na mimi niko huku na cherehani yangu mbovu. Akanichagua mimi. Nami nikatoka nje. Nilikuwa nimeziba masikio, sikusikia hata neno, na hiyo si sababu, ni aibu. Nikaenda kusema amesahau maneno. Hakusahau. Nyar Luanda, mkasi ninao."

Kwenye pakruok watu huinua noti za kutuza. Mimi niliinua mkasi.

Hakuna aliyecheka. Akoth alitazama chini. Mpiga ngoma alimtazama Akoth. Nami nilisimama pale na mkono juu, jasho linanitiririka, nikihesabu pumzi zangu. Moja. Mbili. Tatu. Aliniacha nizihesabu zote. Nilistahili.

Kisha Akoth akanyanyua mkono wake, akaushusha, na muziki ukaanza.

Wanawake walipiga vigelegele. Bibi mmoja alinishika kiuno akanichezesha, sijacheza tangu arusi ya Zuhura. Akoth aliimba mbele yangu bila kuniangalia, machozi yanamtoka, sauti haikutikisika hata kidogo. Ni fundi kunizidi.

Hatukuzungumza. Alikuwa kazini. Nilipokuwa naondoka alinifuata mbio na mbuta mzima, samaki mnene wa ziwani, amefungwa kwenye karatasi, akaniwekea mikononi. "Usile njiani, Mama," akasema, akarudi kwa bendi yake.

Mama. Nimeandika hapa ili kesho nisidhani niliota.

Jumatano, 3 Desemba

Akoth kaja saa nne asubuhi, na gauni ndani ya kikapu. Kapitia kwa Ouma kwanza, niliwasikia wakicheka.

Uzi bado ulikuwepo. Umechafuka kidogo. Nimeukata. Nimeuchoma kwa pini juu ya mto wa sindano.

Tukanywa chai. Kaniambia habari za wale dada wa Madagaska, kwamba hata chakula walikuwa wanakula sahani moja. Kaniambia yule Msenegali alishonewa joho na baba yake. Nilijua tu.

Kisha akasita. "Mama, nikuambie kitu na hutakasirika?"

Nikasema sitakasirika.

"Shingo inabana."

Ipi?

"Ya hii gauni. Ilikuwa inabana tangu siku ya kwanza."

Wiki zote zile. Mkono ule shingoni. Nikamuuliza kwa nini hakusema, mafundi wamejaa Accra, wangeilegeza kwa dakika tano.

"Ulisema mwili yangu unaijua."

Nikatoa futi kwenye droo. Nimemvisha gauni nikampima, mara mbili. Ilipungua upana wa kidole kimoja na nusu. Aliimba hivyo mpaka akawa wa pili barani.

Nimeifumua shingo akiwa amekaa hapo hapo, nikaitilia kipande cha kitambaa kilichobaki. Alivaa, akasimama mbele ya kioo, akaimba kidogo, wimbo wa feri, mikono chini. Mama Njeri alikuja mlangoni na uji wake akasimama.

Sasa kaenda. Atarudi Jumamosi, chumba bado ni kitupu.

Nimezitazama zile kanzu za kwaya. Kola zote ishirini nilizikata kwa jicho. Nimempigia mwenyekiti wao simu nikamwambia hazitakuwa tayari Ijumaa, na kesho waje wote niwapime shingo.